Kujaza Maduka Kadhaa Kutoka Ghala Moja: Mwongozo kwa Mfanyabiashara wa Kigoma

Mfanyabiashara mwenye duka moja mjini Kigoma huweza kuliendesha kwa macho. Asubuhi huangalia rafu, huona sukari imepungua, humtuma kijana stoo, na ifikapo saa nne mambo yamekaa sawa. Akishafungua duka la pili Ujiji, la tatu Kasulu na la nne Uvinza, macho hayo hayafiki tena. Hapo huanza hali ambayo nimeiona kwa wengi na kuipitia mwenyewe: ghala limejaa mpaka mlangoni, duka moja linawarudisha wateja kwa kukosa sabuni, na duka jingine lina sabuni ya kuuza miezi miwili. Mtaji umelala mahali pasipouza.

Mwongozo huu unahusu maduka ya vyakula na bidhaa za nyumbani yanayopata mzigo kutoka ghala moja. Mfano nitakaoutumia ni wa ghala lililopo Kigoma mjini lenye maduka matano: Ujiji na Mwandiga, ambayo mzigo huyafikia asubuhi ileile, Kasulu na Uvinza, ambayo yanahitaji gari na mpango wa siku, na Kagunga, upande wa kaskazini karibu na mpaka wa Burundi, ambako mzigo huenda kwa boti. Kipimo ninachokitetea toka mwanzo hadi mwisho ni siku. Katoni 10 za mafuta ni nyingi Uvinza na ni chache Ujiji. Lakini mafuta ya siku 5 ni mafuta ya siku 5 popote yalipo.

Hatua ya 1: Kila bidhaa iwe na jina moja na kipimo kimoja

Kabla ya hesabu yoyote, andaa orodha moja ya bidhaa itakayotumiwa na ghala na maduka yote. Sabuni ya mche ni mfano mzuri wa tatizo lililopo. Ghala huitoa kwa katoni, duka huiuza kwa mche, na mteja mwingine hukatiwa kipande. Muuzaji akituma ujumbe kwamba zimebaki "sabuni 6", mtunza stoo hajui kama ni katoni 6 au miche 6, na kila mmoja ataelewa kwa namna inayompendeza. Mafuta ya kula ya kupima nayo hutoka ghalani kwa dumu la lita 20, yakifika dukani hufunguliwa na kuuzwa kwa kipimo.

Amua kwamba ghala litatoa kwa kifungashio kizima tu, yaani katoni, kiroba, bando au dumu, na kwamba duka litaripoti salio lake kwa kifungashio hichohicho, huku kilichofunguliwa kikiandikwa nusu au robo kwa makisio. Orodha ionyeshe idadi ya vipande vilivyomo ndani ya kila kifungashio. Bandika nakala yake ukutani katika kila duka, na ikibadilika, badilisha zote siku moja.

Hatua ya 2: Tafuta mauzo halisi ya kila siku

Chukua daftari la mauzo la siku 28 zilizopita. Siku 28 ni bora kuliko 30 kwa sababu zina wiki nne kamili, hivyo siku ya mnada na siku ya mapumziko zinahesabiwa mara zilezile.

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa lenyewe halionekani kwa sababu hesabu inakuwa sahihi. Tuseme duka la Kasulu limeuza katoni 96 za mafuta katika siku hizo 28. Ukigawanya unapata takriban katoni 3.4 kwa siku. Lakini daftari likionyesha kwamba kwa siku 4 mafuta yalikuwa yamekata kabisa, basi katoni hizo 96 ziliuzwa katika siku 24, na mauzo halisi ni katoni 4 kwa siku. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayofanya duka liendelee kukatikiwa mwezi hadi mwezi: lilikosa mzigo, likauza kidogo, likapelekewa kidogo kwa kuwa liliuza kidogo, likakosa tena. Nimewahi kumlaumu muuzaji kwa mauzo hafifu ya bidhaa ambayo mimi mwenyewe nilikuwa simpelekei.

Kwa hiyo kila duka liwe na ukurasa wa "bidhaa zilizokata", ambamo muuzaji anaandika jina la bidhaa, tarehe iliyokata na tarehe iliyorudi. Mhimize aandike bila woga. Muuzaji anayeandika "sukari imekata tangu juzi" anakufanyia kazi kubwa kuliko anayekaa kimya ili asionekane msumbufu.

Si lazima kufanya hesabu hii kwa kila kitu kilichopo dukani. Ukipanga bidhaa kwa thamani ya mauzo, utaona kwamba chache za juu, kwa kawaida sukari, unga, mchele, mafuta, sabuni na vinywaji, ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya fedha. Hizo zifuatilie kila wiki. Za katikati zitazamwe kila wiki mbili, na vitu vidogovidogo kama viberiti na sindano peleka vya kutosha mwezi mzima, maana muda utakaotumia kuvihesabu una gharama kuliko vyenyewe.

Hatua ya 3: Panga safari kwanza, kisha weka kiwango cha kila duka

Safari zisizo na siku maalumu ndizo zinazoua mpango. Muuzaji asiyejua gari litakuja lini ataagiza kupita kiasi ili ajilinde, na ana haki ya kufanya hivyo. Weka ratiba: mathalani Ujiji na Mwandiga mara mbili kwa wiki, Kasulu kila Jumanne, Uvinza kila Alhamisi, Kagunga kila baada ya siku 14.

Kiwango cha kujazia, yaani kiasi ambacho duka hujazwa hadi kukifikia, hupatikana kwa kujumlisha vitu vitatu: siku kati ya safari moja na nyingine, siku kati ya kuhesabu salio na mzigo kuingia rafuni, na akiba ya tahadhari. Kwa Kasulu, safari ni kila siku 7, na kutoka kuhesabu hadi kupokea ni siku 2, hivyo jumla ni siku 9. Kwa mauzo ya katoni 4 kwa siku, zinahitajika katoni 36. Kisha pitia daftari utafute siku 9 zinazofuatana ambazo mafuta yaliuzwa kwa wingi kuliko zote. Kama ziliuzwa katoni 46, akiba ya tahadhari ni tofauti, yaani katoni 10, na kiwango cha kujazia ni 46. Njia hii haihitaji utaalamu wa takwimu, na kwa biashara ya ukubwa wetu nimeiona ikitosha.

Kagunga ni habari nyingine. Safari ni siku 14, kuhesabu hadi kupokea ni siku 3, na boti inaweza kuahirishwa kwa sababu ya upepo. Pepo za kusini-mashariki huvuma kwa nguvu katika Ziwa Tanganyika wakati wa kiangazi, takriban Mei hadi Septemba, na hakuna sababu ya kumlazimisha nahodha aondoke ziwa likiwa limechafuka kwa ajili ya katoni za sabuni. Ongeza siku 4 za tahadhari. Duka linalouza katoni 1.5 kwa siku litahitaji kiwango cha siku 21, yaani katoni 31.5, nawe utaandika 32. Wamiliki wengi hufanya kinyume: duka dogo la mbali hupelekewa mzigo mdogo kwa kuwa linauza kidogo. Ukweli ni kwamba duka la mbali linahitaji siku nyingi zaidi kuliko la karibu, hata kama katoni zake ni chache.

Hatua ya 4: Hesabu, toa, andika agizo

Siku ya kuhesabu, muuzaji ahesabu kwa mkono vilivyopo rafuni na stoo ya duka, baada ya kufunga au kabla ya kufungua. Atume picha ya ukurasa wa daftari kwa simu kabla ya saa mliyokubaliana. Ghala ndilo likokotoe agizo kwa kanuni moja: kiwango cha kujazia, toa kilichopo dukani, toa kilichopo njiani.

Kasulu ina kiwango cha 46. Zimehesabiwa katoni 17, na hakuna mzigo njiani, peleka 29. Kama katoni 5 zilikwisha kupakiwa jana kwa gari jingine, peleka 24. Kusahau mzigo wa njiani ndiko kunakosababisha duka kupokea mara mbili, na baadaye mnabaki kushangaa kwa nini katoni zimepangwa hadi kwenye korido.

Muuzaji abaki na nafasi ya kuongeza au kupunguza, mradi aandike sababu. Yeye ndiye anayejua kwamba kuna harusi kubwa Jumamosi au kwamba jirani amefungua duka la jumla. Sababu hizo zihifadhiwe. Baada ya miezi michache utajua ni muuzaji gani makisio yake yanatimia.

Usisafirishe mawe kwenda mlimani. Uvinza ina viwanda vya chumvi vya tangu zamani. Kupakia chumvi Kigoma mjini na kuipeleka Uvinza ni kulipia nauli ya kurudisha bidhaa kwao. Duka la huko linunue chumvi palepale na kuripoti tu. Ni vivyo hivyo kwa mawese, ambayo mkoa huu unayatoa kwa wingi: yakijaa sokoni, mafuta ya kiwandani hutembea polepole, hivyo punguza kiwango chake kabla dukani hayajaanza kuota vumbi.

Hatua ya 5: Mzigo usipotosha, gawa siku, usigawe katoni

Hatua hii ndiyo inayoleta manung'uniko mengi, na ndiyo ninayoomba isomwe kwa utulivu. Mzigo wa ghala hautoshi kwa maagizo yote. Njia iliyozoeleka ni kugawa sawa, au kumpa kila mmoja nusu ya alichoomba, au kumjazia aliyepiga simu kwanza. Zote tatu zinamwadhibu mwenye uhitaji. Nusu ya alichoomba inaonekana ya haki, lakini inamzawadia aliyeomba kupita kiasi, na safari ijayo wote watakuwa wameomba kupita kiasi.

Tuseme ghalani kuna katoni 40 za sabuni. Ujiji inauza 4 kwa siku na imebakiwa na 8, yaani siku 2. Kasulu inauza 3 kwa siku na ina 15, yaani siku 5. Uvinza inauza 1 kwa siku na ina 9, yaani siku 9. Jumlisha sabuni yote iliyopo, ya maduka na ya ghala: 8 na 15 na 9 na 40, unapata 72. Jumlisha mauzo ya siku ya maduka yote: 4 na 3 na 1, unapata 8. Gawanya 72 kwa 8: kila duka linaweza kufikishwa siku 9. Ujiji inahitaji 36 na ina 8, hivyo inapata 28. Kasulu inahitaji 27 na ina 15, hivyo inapata 12. Uvinza inahitaji 9 na inazo tayari, hivyo haipati kitu. Jumla ni 40, na ghala limekwisha sawasawa.

Muuzaji wa Uvinza atalalamika kwamba amesahauliwa. Mwonyeshe hesabu yote, pamoja na za wenzake. Nimeona watu wakikubali kutopata kitu pale walipoona kanuni inayowahusu wote, na wakikataa hata walichopewa pale walipohisi upendeleo.

Kuna marekebisho mawili. La kwanza, kama duka mojawapo lina siku nyingi kuliko wastani uliopatikana, liondoe kwenye hesabu kabisa na ukokotoe upya kwa yaliyobaki, kwa sababu huwezi kulipelekea katoni pungufu ya sifuri. La pili, duka la boti lipewe siku zake kwanza hadi safari ijayo ya boti, ndipo mengine yagawane kilichobaki. Ujiji ikikosa leo, kesho guta linaweza kufika. Kagunga ikikosa leo, inasubiri.

Hatua ya 6: Kupakia na kupokea

Ghalani, mzigo wenye tarehe ya karibu ya kwisha matumizi utoke kwanza, hata kama uliingia jana. Panga bidhaa juu ya mbao, ziachane na ukuta, na unga usikae karibu na sabuni, maana unga hunyonya harufu na mteja atakurudishia. Mzigo wa duka la mbali uwe na tarehe ndefu zaidi kuliko wa duka la karibu.

Kila safari iwe na hati ya mzigo yenye nakala tatu: moja inabaki ghalani, moja inakaa dukani, moja inarudi ikiwa imesainiwa na mpokeaji. Mtunza stoo ahesabu akipakia, dereva ahesabu akipokea, muuzaji ahesabu akishusha, na kila mmoja asaini kwa idadi aliyoihesabu mwenyewe. Tofauti iandikwe palepale dereva akiwapo. Niliwahi kupoteza katoni 12 za sabuni katika safari moja kwa sababu hati ilisainiwa kwanza na mzigo ukahesabiwa kesho yake. Watu watatu waaminifu walitazamana kwa mashaka kwa wiki nzima, na mpaka leo sijui zilipotelea wapi. Nakala ya risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) ya manunuzi isafiri pamoja na mzigo, ili dereva awe na cha kuonyesha akisimamishwa.

Mzigo ambao hati yake haijarudi uhesabiwe kuwa uko njiani, nao uwe na ukurasa wake katika leja. Uhamisho wa duka hadi duka, kwa mfano Mwandiga kuiazima Ujiji viroba 3, ufuate hati hiyohiyo. Usaidizi wa aina hiyo ni mzuri, lakini ukifanyika kwa mdomo utaharibu hesabu za maduka mawili kwa mpigo mmoja.

Hatua ya 7: Ghala liagize kwa kuangalia rafu za maduka

Sehemu kubwa ya bidhaa za viwandani huja kutoka Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli ya kati. Mtunza stoo akiangalia leja yake peke yake, ataona mawimbi ambayo wateja hawayajui. Wiki moja zimetoka katoni 60 kwa kuwa Kasulu na Kagunga zimejazwa pamoja. Anadhani mauzo yamepaa, anaagiza mara mbili. Wiki inayofuata zinatoka 15, anaogopa na kusitisha. Dukani, wateja wamenunua kiasi kilekile wiki zote mbili. Kwa sababu hiyo, agizo la ghala likokotolewe kutokana na jumla ya mauzo ya siku ya maduka yote matano, na salio lijumlishe kilichopo ghalani, kilichopo njiani na kilichopo dukani.

Kuhusu muda wa mzigo kufika kutoka Dar, andika kwa kila agizo tarehe uliyolipa na tarehe uliyopokea. Ukishakuwa na safari 10, usitumie wastani wake. Chukua ile iliyochelewa kwa nafasi ya pili. Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 zilibomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe na huduma ikasimama kwa miezi. Huwezi kuweka akiba ya janga la namna hiyo, lakini unaweza kuongeza siku kadhaa masika yanapokaribia na kuwa na namba ya msafirishaji wa malori.

Kalenda ya Kigoma hufuata mwezi wa angani

Viwango vilivyowekwa Januari havifai kubaki hivyo mwaka mzima, na kwa mkoa huu kuna jambo ambalo mtu wa Dar hatakueleza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi kukiwa na giza. Siku za mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika, na vijiji vya mwambao hukaukiwa fedha; giza likirudi, fedha hurudi. Mzunguko wa mwezi ni takriban siku 29.5, kwa hiyo kulinganisha tarehe 1 hadi 15 za mwezi huu na za mwezi uliopita kutakupotosha. Kwa duka la mwambao, weka viwango viwili, cha giza na cha mbalamwezi, na upange boti ifike siku chache kabla ya giza kuanza.

Ramadhani nayo huja mapema zaidi katika kalenda yetu kwa takriban siku 10 au 11 kila mwaka. Ujiji, mahitaji ya sukari, tende na unga hupanda, hivyo rekodi utakayolinganisha nayo ni ya Ramadhani iliyopita, wala siyo ya mwezi huohuo wa mwaka jana. Shule zinapofunguliwa Januari na Julai, ongeza daftari na sabuni angalau wiki mbili kabla.

Fuatilia pia matangazo ya Serikali. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Tangazo la namna hiyo linapotoka, punguza viwango vya maduka ya mwambao kabla ya safari inayofuata, kwa kuwa mzigo uliokwisha kuvuka maji ni ghali kuurudisha.

Mzigo usiotembea, na duka jipya

Mwishoni mwa kila mwezi, gawanya salio la kila bidhaa kwa mauzo yake ya siku. Iliyozidi siku 60 katika duka moja ihamishiwe duka linaloiuza, ikisafiri na gari linalorudi tupu. Ikiwa maduka yote yamezidi siku 60, punguza bei mapema, tarehe ikiwa bado ndefu.

Duka jipya halina daftari la siku 28. Liazimie viwango vya duka linalofanana nalo kwa mahali na wateja, upunguze theluthi moja, na ulipangie safari mara mbili ya kawaida kwa wiki nne za mwanzo. Baada ya hapo litakuwa na namba zake, nawe utarudi kwenye hatua ya 2.